Mgeni Asiyebisha Hodi

Mgeni hujulikana kwa mambo mawili: hubisha hodi anapofika, na huaga anapoondoka. Ndege wa masafa hafanyi hata moja. Huja kaskazi inapoanza, hurejea masika yanapokolea, na baina ya safari hizo mbili hula na kulala kwa watu asiowajua. Je, mtu ana wajibu gani kwa kiumbe asiyemwalika, asiyemshukuru, wala asiyejua kwamba amepokewa?

Swali hili hupata mwili huko Kahororo, kata ya Manispaa ya Bukoba, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Mwezi wa Januari, Ulaya ya kaskazini ikiwa katika baridi kali, mwenye kutoka huko alfajiri akaambaa na ufuko, kisha akapanda baina ya migomba na mibuni, haendi mbali kabla ya kuonana na wageni hao. Kitwitwi, ambaye watu wa pwani wamezoea kumwona mchangani maji yakitoka, yupo pia kwenye mawe ya ziwa lisilojua kupwa wala kujaa. Juu ya vibanja vya Wahaya mbayuwayu huikata hewa wakiwinda wadudu. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye alizaliwa maelfu ya kilomita kaskazini, pengine chini ya paa la zizi.

Kwa karne nyingi Ulaya haikujua walikokwenda. Aristotle aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni. Na mwaka 1555 Olaus Magnus, mwanachuoni wa Uswidi, alisimulia wavuvi wanaowaopoa majini. Jibu moja lilikuja mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, alipouawa kwa risasi korongo mweupe aliyebeba mshale wa Kiafrika shingoni. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ugenini alijeruhiwa, nyumbani aliuawa. Kila upande ulimhesabu kuwa riziki iliyopita mbele yake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye kupima kwa faida atasema mbayuwayu keshalishika jembe, maana hula wadudu. Ni kweli, lakini ni hoja finyu: siku dawa ya wadudu itakapokuwa rahisi, wajibu huo utakuwa umekwisha. Wajibu wenye mizizi hutokana na kujua. Mkulima anayelimega bonde la mafunjo ana haki yake, na wanawe hawashibi kwa kutazama ndege. Hata hivyo, akishajua kwamba bonde lile ni makao ya mwingine, hawezi tena kuliita pori tupu. Huenda akalima, ila atajiuliza aache kiasi gani.

Watu wa visiwani wanaifahamu hesabu hii. Kaskazi iliwaletea majahazi ya Arabuni, na mabaharia walingoja kusi ili warejee. Miezi ya kungoja ilizaa ujirani, hata ikawa vigumu kusema ni lini mgeni aligeuka mwenyeji. Mbayuwayu naye hutumia karibu nusu ya umri wake upande huu wa dunia. Kiumbe wa namna hiyo ana fungu lake, ijapokuwa hana ulimi wa kulidai.