Siku za Mtoto ni za Nani? Suluhu ya Malezi Baada ya Talaka

Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Mume na mke wanaweza kuachana mbele ya kadhi au hakimu, eda ikaisha, kila mmoja akashika njia yake, lakini baba wa mtoto atabaki baba na mama atabaki mama. Kwa hiyo hubaki maswali ambayo hati ya talaka haiyajibu: mtoto alale wapi siku za shule, nani ampeleke madrasa jioni, Idi aisherehekee kwa nani, likizo ya Desemba aende upande gani. Swali moja moja huonekana dogo. Yakikusanywa pamoja, ndiyo utoto wenyewe wa mtoto.

Majibu hupatikana kwa njia mbili. Mahakama inaweza kusikiliza pande zote na kutoa amri. Au wazazi wanaweza kukaa na msuluhishi, au mpatanishi, mtu asiyekuwa na upande wala mamlaka ya kuhukumu, wakapanga ratiba kwa ridhaa yao. Kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, lazima liulizwe swali la kidini na la kifalsafa lililo chini yake: siku hizo zinazogawanywa ni za nani? Kama ni haki ya wazazi, suluhu ni mapatano ya wadai wawili, na lolote watakaloridhia linatosha. Kama ni haki ya mtoto, wawili hao wanajadiliana juu ya kitu kisicho chao, na ridhaa yao ina mpaka.

Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi katika mlango wa hadhana, yaani haki na kazi ya kumlea mtoto ambaye hawezi kujitunza. Waliokubaliana kwamba mama hutangulia kwa mtoto mdogo hawakukubaliana muda wake. Kwa Wahanafi, mvulana hukaa kwa mama hadi miaka 7 na msichana hadi 9. Kwa Wamaliki, mvulana hukaa hadi abaleghe na msichana hadi aolewe. Wahanbali humpa mvulana wa miaka 7 nafasi ya kuchagua, na msichana wa umri huo humrudisha kwa baba. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yanayofuatwa zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwani, humpa mtoto yeyote aliyefikia umri wa kupambanua mambo, kwa kawaida miaka 7, nafasi ya kuchagua kati ya baba na mama.

Kilicho cha thamani zaidi katika fikihi ya Kishafii hakiko kwenye umri. Kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakimalizi habari kwa kusema mtoto amechagua nani. Kinaendelea kupanga siku zake. Mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, na mchana huwa na baba, ambaye humtia adabu na kumpeleka chuoni au kwenye ufundi. Aliyemchagua baba hazuiwi kumzuru mama yake. Msichana aliyebaki kwa mama huwa naye usiku na mchana, na baba humzuru kwa kadiri ya desturi. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza, iwe nyumbani kwa baba ikiwa baba ameridhia, au nyumbani kwake mwenyewe. Mzazi akisafiri kwa haja, mtoto hubaki na mzazi aliyepo mpaka msafiri arudi. Msomaji wa leo anaweza kutokubali namna mvulana na msichana walivyotofautishwa humo. Hata hivyo hawezi kukana kwamba hii ni ratiba ya malezi kamili, yenye usiku, mchana, ugonjwa na safari, iliyoandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Aliyedhani kwamba kupanga siku za mtoto ni jambo lililoletwa na mahakama za kisasa hajafungua mlango huu wa fikihi.

Swali la mwenye haki lilijitokeza kwa ukali katika khuluu, pale mke anapojikomboa kutoka kwenye ndoa kwa kutoa kitu. Je, mume anaweza kusema, nitakuacha ukinipa mtoto? Wahanafi walijibu kwamba talaka hiyo hupita lakini sharti hilo ni batili, kwa sababu malezi katika umri ambao mtoto hukaa kwa mama ni haki ya mtoto na mama hana uwezo wa kuitoa. Jibu hilo lina uzito hata kwa asiye Mwislamu. Mtoto hawi fidia ya kitu chochote, hata kama wote wawili wanaopatana wameridhia kwa moyo mweupe.

Hapa ndipo wazo la amana linapoingia. Anayeshika amana ana haki ya kuishika, na mwingine hawezi kumpokonya bila sababu, lakini hawezi kuiuza wala kuigawa apendavyo. Wazazi wana haki ya kweli juu ya mtoto wao, ila ni haki iliyofungwa na wajibu. Kwa Mkristo, ambaye hufundishwa kwamba mtoto ni zawadi itokayo kwa Mungu, maana haiko mbali na hiyo.

Kama ni amana, mbona basi isiachiwe hakimu, mtu asiye na maslahi? Kurani inaelekea upande mwingine. Aya ya 233 ya Sura al-Baqara, iliyo katikati ya aya za talaka, inazungumzia kunyonyesha kwa miaka miwili, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake au baba kwa sababu ya mtoto wake, kisha inasema kwamba wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Sura al-Talaq, katika aya ya 6, inawaamuru waliokwisha kuachana washauriane kwa wema juu ya kunyonyeshwa kwa mtoto wao. Watu ambao wameshindwa kuishi nyumba moja wanaamrishwa wakae na kuzungumza juu ya ziwa la mtoto. Amri hiyo haikungoja wapendane tena.

Sababu yake inaeleweka pia kwa akili. Hukumu kwa kawaida hutazama nyuma: nani alikosa, nani athibitishe. Ratiba ya malezi hutazama mbele, kwa miaka kumi au zaidi, na imejaa mambo ambayo hakimu hawezi kuyajua: kwamba mtoto hulala mapema, kwamba bibi mzaa mama ndiye humchukua shule, kwamba baba ni dereva wa malori na wiki nyingine yuko njiani. Watu wengi hupenda kuitaja hukumu ya Nabii Suleimani juu ya wanawake wawili waliogombea mtoto. Lakini kule mmoja alikuwa mwongo, na kazi ya hakimu ilikuwa kumfichua. Katika talaka wote wawili ni wazazi wa kweli. Hakuna wa kufichuliwa.

Sheria za Afrika Mashariki zimeipa suluhu nafasi, kila moja kwa namna yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu shauri la talaka kufunguliwa, isipokuwa katika mazingira maalumu, kabla Baraza la Usuluhishi wa Ndoa halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ina mabaraza ya namna hiyo kwa Waislamu. Lakini ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Baraza hujaribu kuirudisha ndoa, kama wale waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, wanaotajwa katika aya ya 35 ya Sura al-Nisa. Kupanga malezi baada ya ndoa kufa ni kazi nyingine, na inataka moyo mwingine. Mzee anayeendelea kumsihi mke arudi hawezi papo hapo kumsaidia kupanga nani atakaa na mtoto mwisho wa wiki. Familia nyingi hupoteza hapo nafasi nzuri, kwa sababu kikao kikishindwa kurudisha ndoa watu husimama na kwenda, na habari ya watoto hungoja mahakamani.

Kenya imekwenda hatua zaidi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 159, inaziagiza mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro, upatanishi ukiwemo, na ibara ya 53 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, na Kitengo cha Familia kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Makubaliano yakifikiwa hupelekwa mahakamani na kupokelewa kama amri. Yasipofikiwa, yaliyosemwa mbele ya mpatanishi ni siri, na hayatumiwi kama ushahidi dhidi ya aliyeyasema. Siri hiyo ndiyo humruhusu baba kukiri kwamba hajui kumpikia mtoto wa miaka mitatu, au mama kukiri kwamba amechoka.

Mpatanishi mzuri huanza na wiki ya mtoto kama ilivyo, kabla ya madai ya mtu yeyote. Mtoto anayenyonya hawezi kukaa mbali na mama kwa siku nyingi, hivyo baba humwona mara nyingi, kwa muda mfupi. Wa shule ya msingi anaweza kulala kwa baba mwisho wa wiki, ilimradi Jumapili jioni arudi na sare na madaftari yake. Idi mbili za mwaka hugawanywa, au siku moja huanzia nyumba moja na kumalizikia nyingine, na vivyo hivyo Krismasi na Pasaka. Baba anayefanya kazi Muscat au Dubai na kurudi kwa likizo hahitaji Jumamosi za kila wiki. Anahitaji simu kwa saa inayojulikana na wiki kadhaa mfululizo akiwa nyumbani. Nani analipa nauli, nani anaarifiwa mtoto akiugua, mabadiliko yatolewe taarifa siku ngapi kabla: haya yote huandikwa. Watu wa imani huona aibu kuandikiana mambo ya mtoto wao, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoamrisha deni liandikwe.

Mtoto mwenyewe hayupo mezani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania inaitaka mahakama izingatie matakwa yake akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Fikihi ya Kishafii, kama ilivyoonekana, ilimpa uchaguzi. Lakini kumuuliza mtoto wa miaka 8 anamtaka nani, mbele ya wote wawili, ni kumtwisha mzigo ambao wazazi wake wameushindwa. Yafaa aulizwe juu ya maisha yake: anapenda kulala wapi siku za mtihani, rafiki zake wako wapi, nini kinamtisha. Majibu hayo yanaisaidia ratiba bila kumfanya mtoto msaliti wa mzazi yeyote.

Suluhu ina mahali isipofaa. Palipo na kipigo au vitisho, ridhaa ya mwenye hofu si ridhaa, na kumketisha mke mbele ya aliyempiga wakubaliane ni kuendeleza dhuluma kwa sauti ya upole. Vikao vya kutengana, kila upande peke yake na mpatanishi, husaidia pale mmoja anapozidiwa maneno. Havitoshi pale anapohofia usalama wake, na shauri la namna hiyo ni la mahakama. Yako pia makubaliano yanayoonekana ya amani na ni mabaya: mama husamehe matunzo ili aachiwe mtoto, au baba huacha kumwona mtoto ili asidaiwe ada. Hadithi mashuhuri ya Mtume inaruhusu kila suluhu kati ya Waislamu isipokuwa inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Matunzo na kuonana na wazazi ni vitu viwili vya mtoto, na hakuna kati ya wazazi mwenye uwezo wa kubadilisha kimoja kwa kingine. Ndiyo maana hakimu au kadhi anayepokea makubaliano hana budi kuyasoma na kuyapima kabla ya kuyatia muhuri.

Ratiba iliyofaa mwaka huu yaweza isifae miaka miwili ijayo. Mtoto huhamia shule ya bweni, mama huolewa tena, baba huhamishwa kutoka Tanga kwenda Mwanza. Sheria ya Ndoa inaonya dhidi ya kumvuruga mtoto kwa kumhamisha hamisha, lakini pia inaruhusu amri ya malezi ibadilishwe hali inapobadilika, na makubaliano bora huweka tangu mwanzo siku ya kukaa tena na kuyapitia. Al-Nawawi naye alilitazamia hilo: mtoto aliyemchagua mzazi mmoja, kisha akamtaka mwingine, huhamishiwa kwa huyo.