Mbwa Mwitu Aliyetajwa na Baba

Katika Sura ya Yusuf, ndugu wakubwa wanamwendea baba yao kumwomba ruhusa ya kutoka na mdogo wao, wakacheze naye malishoni. Nabii Yaaqub anasita. Anawaambia kwamba itamhuzunisha wakimwondoa mbele yake, na kwamba anachelea mbwa mwitu asije akamla wakati wao wameghafilika. Usiku wanarudi wakilia, wameshika kanzu iliyopakwa damu ya uongo, na habari waliyokuja nayo ni ileile: mbwa mwitu amemla. Wako wafasiri wa Qurani waliosimama hapa na kusema kwamba uongo ule vijana hawakuutunga wenyewe. Waliuokota kinywani mwa baba yao.

Liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo hunishughulisha zaidi. Mzee yule aliijua hatari iliyokuwa karibu. Mwanzoni kabisa, Yusuf alipomsimulia ndoto yake, baba alimkanya asiwaeleze ndugu zake wasije wakamfanyia vitimbi. Lakini siku ya kuagana hakuwataja ndugu. Alimtaja mnyama wa porini. Sisemi hivyo kwa kumkosoa Nabii. Nasema kwa sababu ndivyo moyo wa mzazi ulivyo: ni rahisi kumtaja mbwa mwitu kuliko kuwatazama waliomo nyumbani. Sisi nasi tunao mbwa mwitu wetu. Ni mtu asiyejulikana anayevizia njiani, ni simu, ni makundi mabaya, ni divisheni ziro kidato cha nne. Tunawataja asubuhi na jioni. Na huku madhara mengi yanayowapata watoto hutoka kwa watu wanaowafahamu: ndugu, jirani, mgeni anayeheshimiwa, na wakati mwingine sisi wenyewe kwa ukali wetu au kwa kutokuwapo kwetu.

Tusichanganye mambo, lakini. Mtoto akiamka na homa kali, mama haketi kuwaza. Anambeba mgongoni kwa kanga, anakwenda zahanati, anasubiri kipimo cha malaria, anapewa dawa, anarudi nyumbani kumkanda maji. Hofu ya namna hiyo ina kazi ya kufanya, na kazi ikiisha nayo inapungua. Wasiwasi ninaouzungumzia ni ule unaobaki homa ikishashuka, unaomkalisha mzazi macho saa nane za usiku ilhali mtoto amelala fofofo. Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, aliuandikia kitabu kizima mwaka 1844. Kwake hofu huelekea kitu fulani, nao wasiwasi huzaliwa na yale yanayoweza kutokea; ni kizunguzungu cha mtu aliyechungulia uwezekano usio na mwisho. Mzazi huchungulia mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya mwanawe, na ile ya pili ndiyo ndefu, kwa kuwa maisha ya mwana yanatarajiwa kuendelea baada ya mzazi kuzikwa.

Kierkegaard hakuyapata hayo vitabuni tu. Baba yake, Michael, alikuwa amekua katika umaskini akichunga kondoo huko Jutland, na siku moja, kwa baridi na njaa, alimlaani Mungu. Baadaye alitajirika kwa biashara ya nguo za sufu mjini Copenhagen, lakini laana ile haikumtoka moyoni. Aliamini kwamba adhabu yake ingewashukia watoto, na kwamba hakuna hata mmoja ambaye angepita umri wa miaka 33. Kati ya watoto saba, watano walikufa kabla yake, na kila msiba ulikuwa kama uthibitisho. Mzee alifariki mwaka 1838. Søren alipotimiza miaka 34, mwaka 1847, ilimwia vigumu kuamini kwamba bado yu hai. Mtoto yule alirithi mali ya baba, na pamoja na mali alirithi tarehe ya kufa ambayo haikuwapo. Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Mzazi hudhani wasiwasi wake ni mzigo anaoubeba peke yake ili mtoto asiubebe, kumbe mtoto anausoma usoni mwake, kwenye sauti ya simu, katika namna anavyoshikwa mkono wakati wa kuvuka barabara. Anajifunza kwamba dunia ni mahali ambapo mambo hayatakuwa sawa.

Mtu angetegemea kwamba tungepumua kidogo siku hizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004 hadi 2005 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai, kabla hawajatimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo na vyandarua vyenye dawa ni sehemu ya neema hiyo, na bibi zetu, ambao wengi wao walizika zaidi ya mtoto mmoja, wangeipokea kwa vigelegele. Ninavyoona mimi, wasiwasi haukupungua kwa kiasi hicho. Ulihama. Zamani mzazi aliuliza kama mtoto ataishi; leo anauliza kama atawapita wenzake.

Swali hilo la pili halina zahanati. Hakuna kiwango ambacho mtoto akikifikia mzazi atasema sasa inatosha, maana daima yuko wa jirani aliyepata A nyingi zaidi. Ndiyo maana nilifurahi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi kumi bora. Mwaka huohuo Serikali ilikataza shule kuwalaza bweni watoto wa awali hadi darasa la nne. Katazo hilo linatueleza tulikuwa tumefika wapi: mtoto wa miaka sita alikuwa anapelekwa kulala mbali na mama yake, ada ikilipwa kwa jasho, na waliofanya hivyo hawakuwa wazazi wabaya. Walimpenda. Walikuwa wakimtumikia mtu mzima atakayekuwapo miaka ishirini baadaye, na katika utumishi huo yule wa miaka sita akakosa wa kumfunika shuka.

Hata asiyelala bweni, tumtazame siku yake. Katika jiji la Dar es Salaam wako watoto wanaosimama kituoni saa kumi na moja alfajiri wakisubiri basi la shule, begi limewazidi mgongo, macho hayajafunguka vizuri. Basi linazunguka Mbagala nzima au Gongo la Mboto kukusanya wengine, na wao wanamalizia usingizi wakiwa wamekaa. Jioni kuna tuisheni. Baba na mama nao wako kwenye foleni au wamesimama ndani ya mwendokasi, wanafika nyumbani giza limeshaingia. Maneno yanayobaki kati yao ni machache na yote yanahusu hesabu: umepata ngapi, umekuwa wa ngapi, kazi ya nyumbani umemaliza? Mtoto anajibu, anakula, analala. Wiki inapita hivyo, muhula unapita hivyo. Halafu mzazi anaamka usiku wa manane ana wasiwasi na mwanawe, na hajui kwa nini.

Mimi nadhani najua. Tunamhofia mtoto ambaye hatujakaa naye. Mahali palipopaswa kujaa ujuzi juu yake, anachocheka, anachokificha, anavyonyamaza akiumia, pamebaki tupu, na wasiwasi hukimbilia patupu. Kadiri tunavyokimbia ili kumtengenezea kesho yake ndivyo tunavyozidi kuwa wageni wake, na mgeni hana budi kukisia. Ndipo tunaongeza mbio.

Karibu na ninapoishi yuko mama mmoja mwenye genge, na binti yake wa darasa la tatu hukaa naye jioni akimsaidia kupanga nyanya mafungu mafungu. Ana sababu nyingi za kukosa usingizi kuliko wengi wetu. Nilimuuliza, "Dada, huyu mtoto humwogopei, mji wenyewe ndio huu?" Akanijibu, "Namwogopea, kaka yangu, nitaachaje? Ila namjua. Huyu ukimuona anaongea sana ujue kuna kitu kimemuuma. Akinyamaza, yuko sawa." Wengine tungesema kinyume, kwa sababu watoto wengi huwa kinyume. Yeye hakusoma hilo popote. Alilipata kwa kukaa.

Sisifu umaskini, na simwambii mtu aache kazi. Ninachosema ni kwamba kutulia si starehe ya walioshiba wala si uvivu uliovishwa jina zuri. Ni kazi ya kumtazama aliyepo. Wasiwasi huuliza itakuwaje. Tafakuri huuliza huyu ni nani, na mimi ni nani kwake. Swali la kwanza halijibiki, kwa hiyo halina mwisho. La pili hujibika kidogo kidogo, kila siku, kwa yeyote aliye tayari kungoja jibu.

Injili ya Luka ina picha ya mzazi aliyengoja namna hiyo. Yesu ana miaka kumi na miwili, wamekwenda Yerusalemu kwa sikukuu, na msafara wa kurudi umeshatembea mwendo wa siku nzima ndipo wazazi wanapogundua hayupo. Baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni, ameketi kati ya waalimu. Mariamu anasema maneno ambayo mama yeyote angeyasema: kwa nini umetufanyia hivi? Anapewa jibu, na Luka anakiri wazi kwamba wao hawakulielewa. Wanarudi Nazareti, na mama anayaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Hakulazimisha maana ipatikane jioni ileile. Alikubali kwamba anaye mtoto ambaye hajamaliza kumjua, akaendelea kuishi naye.

Na katika pwani yetu tunaye Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, na alijua kwamba huenda asimwone binti yake akikomaa. Ni mzazi gani mwenye haki ya wasiwasi kumpita yeye? Alichofanya ni kumwita binti akae karibu naye, na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti zipatazo mia. Yamesemwa mengi kuhusu wosia ule, hasa yanayohusu utii wa mke, na wasomaji wa leo wana haki ya kubishana nao. Mimi mwenyewe nisingempa binti yangu baadhi ya mawaidha yale. Lakini kitendo chenyewe nakiheshimu sana. Utendi una mizani nane kwa kila kipande, na wasiwasi hauwezi kukimbia ndani ya mizani nane. Lazima usimame, uchague neno, ulipime, ulitazame na neno linalofuata. Hofu ya mama aliyekaribia kufa ikapunguzwa mwendo mpaka ikawa maneno ambayo mtoto angeweza kuyashika, na ikasemwa binti akiwa ameketi pale pale.

Narudi kwa Nabii Yaaqub, kwa sababu kisa chake hakikuishia kwenye mbwa mwitu. Miaka mingi baadaye, wakati wa njaa, wanawe wanarejea Misri kutafuta chakula, na safari hii wanamchukua mdogo aliyebaki. Baba anawaapisha kwanza. Kisha anawausia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali, na hapohapo anaongeza kwamba yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya hukumu ya Mwenyezi Mungu. Wanaingia kama alivyowaamuru. Qurani inasema jambo hilo halikuwakinga na chochote, ila lilikuwa haja katika nafsi ya Yaaqub, akaitimiza. Na palepale inamsifu kwamba alikuwa mtu mwenye ilimu.

Sijapata kuona mahali pengine wasiwasi wa mzazi ulipofanyiwa uadilifu kama hapo. Haukukemewa. Uliitwa haja ya nafsi, ukapewa nafasi ya kusema neno lake, na ukaonyeshwa mpaka wake. Tunapomwambia kijana anayepanda basi la Mwanza, "Ukifika unipigie," simu ile haitaongoza usukani. Ni haja yetu, na si aibu kuwa nayo. Ubaya unaanza pale tunapomfanya mtoto aamini kwamba ni yeye anayetakiwa kututibu, kwa kufaulu, kwa kurudi mapema, kwa kutokuwa na siri, kwa kutokosea kamwe.

Najua liko pingamizi moja zito. Mzazi anayetoka Chanika saa kumi usiku kwenda Kariakoo atatulia saa ngapi? Hilo ni kweli, na ndiyo sababu siwezi kuliacha suala hili kwenye nafsi ya mtu mmoja mmoja. Muda wa kukaa na watoto wetu hatukuupoteza kwa udhaifu wa roho peke yake. Tulinyang'anywa kwa ratiba ambazo tulizikubali bila kuuliza. Shule zina vikao vya wazazi na zina kamati. Kwenye kikao kijacho, msomaji wangu, kabla hamjafika kwenye ajenda ya michango na wastani wa mitihani, simama uombe mambo mawili: basi la watoto wadogo lisipite kabla ya alfajiri kupambazuka, na tuisheni ya jioni isiwe lazima kwa madarasa ya chini. Wapo wazazi wengi wanaoyataka hayo na kila mmoja anadhani yuko peke yake.