Nani Ulimwengu?

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Twaitamka methali hii kijana wa jirani akamatwapo kwa wizi, kisha twafunga mlango, kana kwamba huo ulimwengu ni mtu mwingine akaaye mbali.

Nchini Kenya, Kanuni ya Adhabu ilimhesabu mtoto wa miaka 8 kuwa aweza kubeba jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka 12, tena ikafungua njia ya kumwepusha mtoto na kesi: akikiri kosa kwa hiari yake, aweza kuagizwa aombe radhi au arudishe alichochukua.

Njia hiyo ni njema. Ila sheria humwagiza mtoto aombe radhi. Haiwezi kumlazimisha aliyeibiwa kuitoa. Mtoto akiri, akute nyuso zimemgeukia ukutani, atajifunza nini ila kwamba ukweli haumfai mtu?

Simwambii aliyeibiwa aiache haki yake. Adai mali yake, na akasirike. Lakini mtoto abishapo hodi, afungue na kumsikiliza, kwani wakati huo ulimwengu ni yeye.