HUDURI YA MOYO KATIKA SALA NA KATIKA KAZI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Amma baad. Ndugu yangu Muislamu, nakuuliza neno moja, ujijibu baina yako na Mola wako: Magharibi ya jana, imamu alisoma sura gani? Ukiwa hukumbuki, basi ulikuwa wapi? Mwili ulikuwa katika safu, bega kwa bega na wenzio. Lakini moyo ulikuwa dukani ukihesabu madeni, au barazani ukimjibu aliyekuudhi. Tusichekane, kwani ugonjwa huu ni wetu sote, na huyu anayeandika si mzima.

Wala si jambo dogo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Muuminun ametaja kufaulu kwa Waumini, na sifa ya kwanza aliyowapa ni unyenyekevu katika sala zao. Na katika Suratul Maun amewaonya wenye kusali hali ya kuwa wameghafilika na sala zao. Na Mtume (s.a.w.) ametufahamisha ya kuwa mtu huondoka katika sala yake hakuandikiwa ila sehemu yake ya kumi, au ya tisa, hatta nusu. Watu wawili husimama safu moja nyuma ya imamu mmoja, na mafungu yao yakawa mbali mbali.

Wengi wetu hungoja hatta tukishafunga sala, ndipo tuanze kupigana na mawazo. Tumechelewa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amebainisha katika Ihyaa ya kuwa moyo huifuata hima ya mtu, na dawa yake ni kulikata lile liushughulishalo. Naye Mtume (s.a.w.) alisali siku moja amejitanda guo lenye nakshi, jicho lake likaziangukia. Alipomaliza aliamuru guo lile lipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe lake lisilo na nakshi. Basi ikiwa yeye hakuziachilia nakshi za nguo, sisi tutasemaje kwa simu iliyomo mfukoni, iliayo katikati ya Fatiha?

Tena jueni ya kuwa moyo usiozoea kuhudhuria sokoni hauwezi kuhudhuria msikitini. Alipoulizwa na Jibrili juu ya ihsani, Mtume (s.a.w.) alijibu ya kuwa ni kumwabudu Mungu kama umwonaye, maana ikiwa wewe humwoni, Yeye akuona. Jambo hili halikufungiwa ndani ya sala. Mwenye duka apimapo mchele, na akumbuke kuwa aonekana, hatapunja. Mama awashapo moto, na aanze kwa Bismillahi, akijua ni nani amruzukuye. Na usiku kabla ya kulala, killa mmoja aihesabu nafsi yake kama afungavyo hesabu ya duka: nini nimepata leo, na nini nimepoteza?

Moyo utatoroka tena, usikate tamaa. Urudishe, kama mchunga arudishavyo mbuzi wake, bila ya kuchoka wala kuuacha porini.

Ewe Mola wetu, turuzuku nyoyo zenye kuhudhuria mbele Yako, kabla ya siku tutakayohudhurishwa. Amin.