Frateri, Kulenga Shabaha ni Dhambi?



Kuna utalii wa kutazama na kuna utalii wa kushika. Wa kutazama tunaujua sana huku Manyara: tembo, twiga, viboko wa Ziwa Babati. Wa kushika ni ule ambao mgeni anapewa kitu mkononi na kuambiwa ajaribu. Kule Marekani, hasa Las Vegas, mtu ambaye hajawahi kugusa bunduki maishani mwake analipa, anavalishwa miwani na vya kuziba masikio, mwalimu anasimama nyuma yake, naye anafyatua kwenye karatasi yenye duara. Akimaliza anaondoka na karatasi yake yenye matundu, ikawe kumbukumbu ukutani.

Huku kwetu bunduki ni habari ya vibali. Wengi wenu mliowahi kuishika mliishika JKT, mkiwa kwa mujibu wa sheria, mmelala kifudifudi kwenye vumbi na afande anawafokea. Huo si utalii, mnajua wenyewe. Lakini tunacho kitu kinachofanana nao, na kipo mlangoni petu. Ukitoka hapa Nambis ukateremka upande wa machweo unalikuta bonde la Yaeda. Ukizunguka kwa Karatu unafika Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Pande zote mbili wanaishi Wahadzabe, watu wasiozidi elfu moja na mia chache, ambao sehemu yao bado wanakula kwa upinde, kwa asali, kwa mizizi na matunda ya porini. Kule Mang'ola magari ya watalii yanafika kabla jua halijachomoza. Wageni wanafuatana na vijana wawili watatu wenye pinde na mbwa wao, na wakirudi kambini shabaha inasimamishwa, mara nyingi kisiki, kila mgeni anapewa upinde apige. Baadaye wanapelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga kuona misumari na makufuli mabovu yakiyeyushwa kuwa bangili na ncha za mishale.

Sasa, vijana wa VIWAWA wa hapa kwetu wanapanga safari ya mwaka na wengi wanataka Mang'ola. Niko likizo, kwa hiyo nilikuwepo kwenye kikao. Binti mmoja wa kwaya akaniuliza, "Frateri, kwani kujifunza kupiga mshale kwa kujifurahisha tu si dhambi? Si kitu cha kuulia kile?" Wenzake wakamcheka. Mimi naona ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa likizo hii, na mojawapo lilikuwa kama frateri anaruhusiwa kushabikia timu ya mpira. (Anaruhusiwa.)

Nianze na jibu rahisi, halafu niliharibu.

Jibu rahisi: si dhambi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anajiuliza kama kunaweza kuwa na fadhila ndani ya michezo. Anasema roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko la roho ni furaha. Halafu anasimulia kisa alichokitoa kwa Yohane Kasiano. Watu fulani walimkuta Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Mmoja wao alikuwa na upinde. Yohane akamwambia apige mshale, akapiga; apige tena, akapiga. Mwisho akamuuliza: unaweza kuendelea hivi bila kupumzika? Yule mtu akasema hapana, upinde utavunjika. Basi, akasema mtume, na akili ya mtu ni hivyohivyo ikikazwa bila kulegezwa.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu mfano wenyewe ni upinde. Angeweza kuchagua ngoma au jembe.

Mimi nilikwenda Mang'ola mwaka juzi na wanafunzi wenzangu wa falsafa. Jamani, upinde wa Kihadzabe si ule wa kwenye katuni. Ni mrefu, unakaribia kimo cha mtu, na ni mgumu. Kijana mwembamba anauvuta kama anafungua pazia, wewe ukiuvuta mkono unatetemeka mpaka begani. Mwalimu wangu, nadhani hakuwa ametimiza miaka 20, hakuniambia neno. Alinisogeza kiwiko kwa vidole viwili, akanishusha bega, akanigusa shavu kunionyesha uso uelekee wapi. Mshale wa kwanza ukaingia mchangani. Wa pili ukapita juu. Wa tatu ukakiparua kisiki kwa ubavu ukaanguka, nami nikapiga kelele kama mtoto. Kwa dakika zile sikuwaza mtihani wa metafizikia wala simu. Anayejaribu kukaa kimya mbele ya Ekaristi kwa robo saa, akili isirukeruke, anajua ni zawadi gani kuwa na kitu kimoja tu machoni.

Na Kiswahili chetu kinatusaidia kufikiri hapa. Mtu akipiga nje ya shabaha tunasema amekosa. Mwanzoni mwa Misa, tunapopiga kifua, tunakiri neno hilohilo. Si letu peke yetu: Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, linaiita dhambi hamartia, na asili ya neno hilo ni kukosa shabaha. Kiebrania nacho kina kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili. Someni Waamuzi 20:16, kuhusu mashujaa wa Benyamini na makombeo yao. Aristoteli anapokianza kitabu chake cha maadili analeta mfano wa wapiga mishale: mwenye kuijua shabaha yake ana nafasi kubwa zaidi ya kuipata. Yaani kulenga kumekuwa mwalimu wa roho tangu zamani. Atakayewaambia upinde ni kitu cha shetani kwa sababu unaua, mwambieni na panga la jikoni nalo alitupe.

Hapo ndipo jibu rahisi linapoishia.

Katekisimu inatufundisha kulipima tendo kwa mambo matatu: lile linalotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Linalotendwa ni kupeleka mshale kwenye kisiki. Nia ni kufurahi. Hayo mawili nimeyapitisha. Mazingira ndiyo yananisumbua.

Silaha haijui kwamba tunacheza. Mwezi Agosti 2014, huko Arizona, Marekani, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa likizoni na wazazi wake alipewa bunduki aina ya Uzi kwenye uwanja wa kulengea shabaha wa watalii. Ilipofyatuka mfululizo ikamshinda nguvu, ikainuka, mwalimu aliyesimama pembeni yake akapigwa risasi na akafa. Mtoto yule hakuwa na nia mbaya hata chembe. Upinde ni mpole zaidi, lakini mshale nao ukishatoka haurudi, na kule kambini watoto wadogo wanazunguka kila mahali.

Halafu kuna mnyama. Katekisimu, namba 2418, inasema ni kinyume cha hadhi ya binadamu kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu. Mhadzabe akiua anakula, na hali peke yake. Nyama kubwa ikifika kambini ni ya kambi. Sina neno juu ya hilo. Lakini asubuhi ile tuliyokwenda sisi walipata ndege wawili wadogo tu, wakawachoma kwenye moto uleule waliouwasha kwa kupekecha kijiti, wakala. Kundi la pili lilikuwa na mgeni mmoja aliyemlalamikia dereva wake kwamba ameambiwa ataona nyani akiuawa na hajaona. Kwake yeye, mnyama ambaye hakufa alikuwa huduma iliyolipiwa isitolewe. Pale sababu ya kuua imehama kutoka tumboni kwa mwenyeji, imekwenda machoni kwa mgeni. Mshale ni uleule, na anayeuvuta ni yuleyule.

Na baada ya mnyama, mtu.

Msidhani Wahadzabe hawajui mchezo. James Woodburn, mtaalamu Mwingereza aliyeanza utafiti kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba wanaume hutumia saa nyingi kambini wakicheza kamari ya kurusha vipande vya magome ya mti, na wanachowekeana dau ni mishale ya sumu, visu na vitu kama hivyo. Ila upinde wa mtu hauwekwi dau. Wala mishale yake ya ndege, wala mfuko wake wa ngozi. Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Watu wanaocheza kwa mishale kutwa nzima, na bado ndani ya mchezo wao kuna mahali mchezo haufiki. Mimi mgeni nilipewa upinde dakika kumi baada ya kusalimiana.

Mtoto wa mjomba wangu ni dereva wa watalii Karatu, na nilipomweleza haya hakunionea huruma. "Mdogo wangu," akasema, "wewe unakula chakula cha seminari. Wageni wasipokwenda, yule mama anayeuza shanga atanunua unga kwa falsafa yako?" Ana hoja, nami sitaki kuizunguka. Pori limepungua, wanyama wamepungua, na fedha ya mgeni kwa baadhi yao sasa ni sehemu ya chakula. Kijana aliyenisogeza kiwiko alikuwa kazini, kama kocha yeyote, na kazi halali haimwondolei mtu heshima.

Lakini hoja ya kaka yangu inawahusu watalii. Mjerumani akija, akilipa, akapiga mishale mitatu akaondoka, hesabu yake imefungwa siku ileile. Sisi wa Nambis tutajiitaje watalii kwa watu wa Yaeda na Eyasi? Sisi ni majirani. Pori lao lilipungua kwa nani? Babu zetu Wairaqw walitoka Kainam wakaenea pande zote wakitafuta mashamba na malisho, na walikofika kuelekea mabondeni kulikuwa na watu waliokuwa wakiwinda. Mang'ola leo ni vitunguu, lori kwa lori. Bonde la Yaeda limeingiwa na mahindi na ng'ombe. Mwaka 2007 ilifika hatua kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ikapewa eneo la Yaeda Chini. Yaani waliokuwa wanawinda ili wale wangewapisha wanaowinda ili wafurahi. Wahadzabe na waliowaunga mkono wakapaza sauti, na kampuni ikajiondoa kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda wakapata hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Nimewauliza vijana kumi hapa kijijini. Wawili tu walikuwa wamewahi kuisikia habari hiyo, na ni habari ya wilaya yetu.

Kwenye Luka 10 mwanasheria anauliza jirani yangu ni nani. Kuhani na Mlawi walimwona yule mtu aliyelala njiani, tena wote wawili walimwona vizuri kabisa, wakapita upande wa pili. Kuona hakukuwa tatizo lao. Nadhani ndiyo hatari ya kwenda kwa jirani kama mtalii: unaona kila kitu, unapiga picha kila kitu, na tiketi inakupa ruhusa ya kupita upande wa pili.

Kwa hiyo nimewapendekezea VIWAWA hivi. Tuende. Tulenge kisiki, tucheke, tukose, tujaribu tena, na tulipe kama wanavyolipa wengine, tusiombe punguzo kwa kuwa sisi ni wa karibu. Uwindaji tusiombe, asubuhi ile wasitoke kwenda kuua kitu kwa ajili yetu. Na nusu ya siku tuiache wazi kwa mazungumzo, kwa sababu tunacho kitu ambacho Mjerumani hana: tunaongea nao Kiswahili, bila mkalimani. Wapo waliolalamika kwamba frateri amegeuza matembezi kuwa semina. Mwenyekiti akasema bila kuwinda ni nusu safari. Bado tunabishana.

Yule binti wa kwaya hakulalamika. Aliuliza swali lingine: "Na wakitaka kujua mashamba yetu ya kule chini yalikuwa ya nani kwanza, tuseme nini?" Nimemwambia amuulize kwanza bibi yake, maana nyumbani kwao wana shamba upande huo, na mimi nitamuuliza wa kwangu.

Safari ni Jumamosi ya pili ya Agosti. Kwenye Coaster zimebaki nafasi sita, na mchango unapokelewa na mweka hazina kila Jumapili baada ya Misa ya pili.