Je, Wanjala Abadilishe Jina?

Andiko: 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10

Kuna swali ambalo naulizwa sana baada ya ibada: "Pasta, jina langu limebeba njaa. Ndiyo maana sifanikiwi?" Anayeuliza ni Wanjala, au ni Okech. Kwa Waluhya, Wanjala ni mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Kwa Wajaluo, Okech ni hivyo hivyo. Pwani utakutana na akina Tabu na akina Shida. Na wako watumishi wanaotoza pesa ili wakukatie laana ya jina. Ati ukiitwa njaa utakufa njaa! Mimi nakataa, na nakataa kwa Neno.

Mtazame Yabesi. Mama yake alimzaa kwa huzuni, huzuni hiyo akaitia kwenye jina la mtoto. Kila alipoitwa kuja kula alikumbushwa. Lakini sikiza maombi yake: abarikiwe, mipaka yake iongezwe, mkono wa Mungu uwe naye, alindwe na uovu asipatwe na huzuni. Jina jipya hakuomba. Mungu akampa aliyoyaomba, na mpaka leo tunamwita Yabesi.

Utaniambia, "Lakini Abramu na Yakobo walibadilishwa!" Kweli kabisa. Aliyewabadilisha ni Mungu mwenyewe, tena hakutoza hata ndururu. Na Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, Yakobo akamwita Benyamini. Mzazi ana ruhusa hiyo, sijamnyima.

Sasa fungua Matendo 18:24. Apolo, yule hodari wa Maandiko, jina lake linatokana na Apollo, mungu wa Wagiriki. Hakuna mahali Paulo alimwambia alitupe. Danieli naye alipewa jina la Belteshaza, na mfalme anasema waziwazi kwamba ni kwa jina la mungu wake (Danieli 4:8). Simba hawakumwomba kitambulisho!

Halafu kuna sisi tunaodhani Robert ni jina la wokovu. Robert na William ni majina ya Wajerumani wa kale, na ndani ya Biblia hayamo. Wamishonari walituambia tuchukue jina la ubatizo, nasi tukachukua yale ya Wazungu. Huku Kariuki, ambalo kwa Kikuyu ni aliyefufuka, tukaliacha mlangoni. Aliyefufuka, wapendwa! Mlangoni mwa kanisa!

Basi Wanjala, pengine umerithi tu jina la babu, na njaa yenyewe ilipita hata kabla baba yako hajazaliwa. Lakini kama ni mama aliyekupa, yeye hakukulaani. Alikuwa anatoa ushuhuda: mwaka ule chakula kilikwisha, na huyu mtoto akaishi. Ikiwa bado yuko nasi, mpigie simu leo jioni. Mwulize wiki ile aliyokuzaa alikula nini, na nani alimletea.