Heshima kwa Aliyesahau

Kusema kweli ni wema. Lakini kweli, kama dawa, ina kipimo chake na wakati wake. Je, yatupasa kumsahihisha mzee aliyepotewa na kumbukumbu kila akoseapo?

Tuwaze bibi kizee wa pwani. Kila jioni humwuliza mjukuu wake, "Babu yako hajarudi baharini?" Mumewe alikufa zamani. Mjukuu, kijana wa shule apendaye kweli, hujibu, "Bibi, babu alikwisha kufa." Bibi hulia kama aliyeletewa habari ya msiba saa ile. Punde husahau, huuliza tena, hujibiwa tena, hulia upya. Kweli hiyo haikumfundisha kitu; ilimfanya afiwe mara mbili kwa jioni moja.

Hali hii si ukaidi wala uchawi. Ni maradhi ya ubongo. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza aina yake moja mwaka 1906, na mwaka 2021 wagonjwa wa namna hii walikadiriwa kuwa milioni 57 duniani. Aghalabu mambo ya jana hutangulia kupotea, na ya ujanani hudumu zaidi. Hata maneno yapungukapo, uso mkunjufu na sauti ya upole huweza kufahamika.

Binti wa bibi ana njia nyingine. Huketi mbele yake, humshika mkono, na kusema taratibu, "Mama, unamkumbuka baba. Hebu nihadithie alivyokuwa akija na samaki." Bibi huhadithia, akatulia. Hakuambiwa uwongo, ilijibiwa haja iliyokuwa nyuma ya swali. Wapo wasemao kuwa huko ni kuikwepa kweli. Lakini kweli hudaiwa na mwenye uwezo wa kuitumia. Asiye nao hudai utulivu na heshima.

Binti naye ni mtu. Aulizwapo swali moja mara ishirini kwa usiku, subira hukauka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ndugu wajao kusalimu humlaumu kwa kuchoka, hali hawajakesha hata usiku mmoja. Amwuguzaye mzee pasipo msaada huwa mgonjwa wa pili. Kijana, shika zamu yako: keti na bibi, mama apate kulala.

Utotoni tuliuliza jambo moja mara mia, tukajibiwa. Deni hilo mdai wake amelisahau. Ndiyo maana kulilipa ni kipimo cha uungwana.